Mgeni Aliyepanda Dungu la Divine

Ukimuuliza mtu yeyote kwenye njia ya kwenda Wamaza kwamba Mama Divine ni nani, atakueleza kwanza habari za mikono yake. Hakuna anayepalilia kama yeye. Huingia shambani ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mpunga, huinama, na akija kunyoosha mgongo jua limeshakuwa kali na magugu yamelala nyuma yake kwa mistari, kama nywele zilizosukwa. Jina lake la ubatizo ni Dieudonnée. Tangu azae, wanaolitumia ni padri na mumewe Ruphin tu, na Ruphin yuko Salamabila anachimba dhahabu, kwa hiyo jina hilo hulisikia kwa simu, siku mtandao ukikubali, juu ya kilima cha shule.

Mtoto aliyempa jina la pili ni Esther-Divine, wa mwaka wa nne shule ya msingi. Mwembamba, mweusi wa kung'aa, mkimya kama maji ya mtungini. Mama yake alijivunia ukimya huo kuliko kitu chochote.

"Mutoto wangu hana maneno," aliwaambia wenzake wakitwanga. "Ukimutuma, ameenda. Ukimwita, amefika. Mudomo wake ni wa kula tu."

Wenzake walimwonea wivu kweli, maana watoto wao walikuwa na midomo ya kujibu. Hasa Amisa, jirani yake, ambaye mwanawe Iliasi aliweza kubishana hata na mbuzi.

Basi mwaka huo mpunga ulipoanza kutia maziwa, akaja mgeni.

Huku kwetu mpunga ukifika hapo, madarasa hubaki na walimu na mabenchi. Vile vindege vidogo vya kahawia huja makundi kwa makundi, vikatua, vikaminya punje moja moja, na ukichelewa unavuna majani. Hapo watoto hupanda madungu, vile vitanda virefu vya miti vinavyosimama katikati ya shamba, na kutwa nzima hupiga mikebe na kurusha udongo kwa kombeo. Shirika moja la Kasongo likaona watoto wanakosa masomo, likawaomba wabunifu wa Bukavu wachore kitu cha kusaidia. Aliyetumwa huku kwetu Kabambare aliitwa Sonia. Msichana wa suruali, nywele fupi, mgongo wa begi umejaa matope ya safari ya pikipiki.

Wazee wakatoa viti, wakajipanga kumweleza. Mmoja akaeleza ndege, mwingine akaeleza mpunga, wa tatu akaeleza jinsi watoto wa siku hizi walivyo wavivu. Sonia alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa mikono miwili, kisha akasema:

"Sasa, wazazi wangu, naomba mutoto mumoja anipokee. Nitaamuka naye, nitaenda pale anaenda, nitakula pale anakula. Yeye njo atakuwa mwalimu wangu."

Watu waliangua kicheko. "Mwalimu wa kukufundisha nini?" mzee mmoja akauliza. "Kupenga kamasi?"

"Hata kamasi, baba, kama iko mu kazi."

Wakamchagua Divine, kwa kuwa shamba lao liko katikati ya bonde. Na Mama Divine, jamani, alivyofurahi! Mgeni wa Bukavu nyumbani kwake! Alifagia hadi nyuma ya choo. Aliazima kiti cha Amisa, kile chenye mgongo. Alichinja jogoo aliyekuwa akimtunzia Ruphin. Chakula kilipoiva akakiweka mezani sebuleni, mapaja yote mawili juu, akaita: "Mama mugeni, karibu."

Sasa, kwetu mtu mzima hali kwenye sahani ya watoto. Watoto hula nyuma ya jiko, sahani moja kubwa, vidole vinapishana, na mkubwa akipita pale hupita akiangalia pembeni. Sonia alisema asante, akatoka, akapita kiti chenye mgongo, akaenda nyuma ya jiko na kuchuchumaa kati ya Divine na watoto wa jirani.

Amisa aliona kutoka uani kwake. "Mama Divine! Mugeni wako ameenda kwa sahani ya watoto. Umemunyima nini?"

Hiyo aibu ingeweza kupita. Kilichokataa kupita ni sauti iliyotoka nyuma ya jiko muda mfupi baadaye. Kicheko. Cha mtoto, kirefu, chenye mikwaruzo ndani yake, kama mtu anayevuta kamba kwenye mti mkavu. Mama Divine aliinua kichwa.

"Nani anacheka vile?"

"Nani mwingine?" Amisa akasema. "Ni Divine."

Akabaki ameshika kijiko. Alimjua mtoto wake kwa kikohozi, kwa hatua, kwa namna ya kufungua mlango. Kicheko hicho hakukijua. Na aliyekiamsha ni mtu aliyefika leo.

Toka siku hiyo alikuwa na kitu ndani ya kifua, kinawasha kama pilipili uliyoipakaza jichoni ukisahau kunawa. Asubuhi anawaona wawili wanashuka kwenda shamba, begi la Sonia mgongoni mwa Divine, mikebe ya Divine mikononi mwa Sonia. Jioni wanarudi wametapakaa udongo hadi masikioni. Sonia alikuwa amejifunza kufinyanga vidonge vya kombeo, na vyake vilikuwa vibaya, vikivunjika kabla ya kufika, na Divine, aliyekuwa akimwita Yaya kama dada mkubwa, alikuwa akimkemea! Divine, asiye na mdomo!

"Apana, Yaya Sonia, apana! Unaufinya sawa vile unakamua chuchu ya mbuzi. Uuzungushe!"

Mama Divine akasimama mlangoni. "Divine! Leta maji."

Divine akanyamaza palepale, akachukua bidoni ya kuchotea. Lakini Sonia naye akachukua bidoni, wakaenda wote, na huko njiani kicheko kile kikaanza tena. Aliporudi, mama yake akamtuma kuni. Sonia akaenda kuni. Akamtuma chumvi kwa Amisa. Sonia akaenda chumvi. Kila alipojaribu kuwatenganisha, aliwapa safari nyingine ya kuwa pamoja, na hakuweza kuacha.

Kilichomchoma zaidi ni maswali ya mgeni, ambayo yalikuja kwa upole na heshima.

"Mama, kumbe Divine anaogopa kale kadaraja ka magogo? Anakapita amefumba macho, ananishika kwa shati."

"Najua," Mama Divine akajibu.

Hakujua. Siku zote alikuwa akimtuma ng'ambo ya kidaraja hicho, asubuhi na jioni, na mtoto alikuwa akienda na kurudi bila neno.

"Na jino lake la nyuma linamusumbua, anatafuna upande mumoja."

"Najua, mama. Miye njo nilimuzaa."

Jino pia hakulijua. Alijifungia jikoni akajifanya moshi unamtoa machozi.

Kesho yake kwenye kinu alimmwagia Amisa yote. Kwamba yule msichana hajui hata kuosha sufuria. Kwamba Kiswahili chake cha Bukavu kinamharibia mtoto ulimi. Kwamba mtu mzima anayekaa chini na watoto kutwa nzima, lazima kuna kitu amekikosa kwao.

Amisa akaegemea mtwangio wake. "Mama Divine, una jalusi, una wivu na mutoto wa watu?"

"Jalusi gani? Jalusi ya nini? Miye?" Akatwanga kwa nguvu hadi mpunga ukaruka nje ya kinu na kuku wakaukimbilia.

Usiku haukumpa wazo, asubuhi ilimpa. Divine alikuwa anafunga mikebe yake kwa kamba. Mama yake akasema, "Leo hauendi shamba. Peleka huu unga kwa bibi yako, ukae kule mupaka saa tisa."

Divine akainua macho. "Mama, na dungu?"

"Dungu ni la nani? Shamba ni la nani? Nitapanda miye mwenyewe na mugeni. Nilichunga ndege mbele ya weye kuzaliwa."

Divine akafungua mdomo. Kulikuwa na kitu pale, mtu yeyote angekiona. Kisha akaufunga, akaweka unga kichwani, akaenda, akigeuka kila baada ya hatua chache kuangalia bonde.

Mama Divine akamwambia Sonia kwa furaha, "Leo nitakuonyesha kazi ya ndege vile inafanywa na watu wakubwa."

Na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Walipanda dungu, wakaketi, bonde zima likiwa chini yao, kijani linaloelekea njano, na kwenye kila shamba dungu lake na mtoto wake juu, kama mistari ya daftari hadi mtoni kwenye michikichi. Mama Divine akaeleza aina za mpunga. Akaeleza mwaka wa mvua kubwa. Sonia alikuwa akiitikia kwa kichwa, na Mama Divine akahisi kile kitu cha kifuani kinapungua. Si unaona? Hata mimi ninasikilizwa.

Kutoka juu kabisa ya bonde kundi likainuka. Mtoto wa kwanza akapiga mkebe, akapaza sauti: "Pokeaaa!" Wa pili akajibu kabla ndege hawajashuka: "Naam!" akarusha udongo, ndege wakapita juu yake. "Pokeaaa!" "Naam!" Shamba kwa shamba likaja, kama ndoo inayopokezanwa na watu wakizima moto. Wa mwisho kabla yao alikuwa Iliasi wa Amisa, amesimama kwa mguu mmoja juu ya dungu lake. Akageuka kwao, akajaza kifua:

"Pokeaaa!"

Mama Divine hakujibu.

Ungemlaumuje? Huku kwetu mtoto akitaka kusema na mkubwa humfuata alipo, humkaribia, huteremsha sauti. Hamwiti kwa mbali kama anayeita mbwa. Na "naam" ni neno la mdogo kwa mkubwa; yeye alikuwa amelitoa kwa baba yake, kwa wajomba zake, kwa Ruphin. Leo alitoe kwa Iliasi, aliyemuogesha mwenyewe kwenye beseni, kitoto kisichojua hata kufunga kaptula?

"Pokea, Mama Divine! Pokeaaa!"

"Mama," Sonia akasema polepole, "Divine anakuwaga anaitika hapa."

"Divine ni mutoto."

"Naweza kuitika miye?"

"Weye ni mugeni wangu. Kaa."

Na Sonia, aliyekuja kujifunza si kuamuru, akakaa.

Ndege wakatua. Shamba lote likawa la kahawia na kuanza kutikisika. Mama Divine akaruka juu, akapiga mkebe, akapiga kelele, akarusha udongo. Ndege wakainuka urefu wa mtu, wakatua tena palepale, maana kule chini watoto walikuwa wameketi. Hawakusikia "pokea" kutoka kwake, kwa hiyo hawakupokea. Iliasi naye alikaza upande wake, ili wasimrudie. Kundi la pili likaja, nalo likakwama hapo hapo. Wakati wote huo kutoka kwenye madungu mengine kulikuwa na kicheko.

"Mama Divine amefungua restora ya ndege!"

"Anafuga! Muache, anafuga!"

Amisa alipokuja mbio na khanga yake kuwafukuza, kona nzima ya upande wa Iliasi ilikuwa imebaki makapi yaliyosimama.

Divine alirudi saa tisa. Hakupita nyumbani. Aliona kona ile, akasimama, akaiangalia, kisha akaangalia dungu la Iliasi, na akaanza kulia kwa sauti. Mama yake akamfuata, amejiandaa kusema kwamba mpunga uliobaki utatosha.

"Si mupunga, Mama! Watanitoa mu mustari!"

"Mustari gani?"

Divine alilia mno, asiweze kujibu. Aliyejibu ni Iliasi, ambaye alikuwa ameshuka na kusimama kwenye tuta, na safari hii alikuja karibu na kuteremsha sauti kama alivyofunzwa.

"Mama, ni sheria yetu. Shamba likinyamaza, linatoka mu mustari. Hatulipokelee tena, hatulisukumie. Linajichunga peke yake mupaka mavuno."

"Sheria ya nani? Nani aliipitisha?"

"Sisi."

"Na wazazi wenu wanaijua?"

Iliasi akafikiri. "Hakuna aliyetuuliza. Ni Yaya Sonia tu."

Mama Divine akamgeukia Sonia kwa hasira, na hapo kweli alikuwa tayari kumwambia yote, hata maneno ambayo hayarudi. Ulijua! Ulijua na ukakaa! Lakini Sonia mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyevunja chungu cha watu. Alikuwa ameshika karatasi aliyokuwa akiichora wiki nzima, mchoro wa mashine ya upepo ya kupiga kelele, moja kwa kila shamba. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Sasa ndipo alipoona kosa lake: kila shamba na mashine yake, wakati watoto wanachunga bonde zima kama shamba moja! Hiyo hasira ya Mama Divine ikakosa pa kutua.

Akamwangalia mtoto wake. Divine hakuwa amemkimbilia Sonia. Hakuwa amemkimbilia mtu yeyote. Alikuwa ameketi kwenye tuta peke yake, mikebe yake mapajani, kama mtu aliyefukuzwa kwao.

"Iliasi," Mama Divine akasema. "Kosa si la Divine. Yeye alikuwa kwa bibi yake. Nilinyamaza miye."

"Tunajua, mama."

"Basi?"

Iliasi akajikuna mguu kwa mguu. Ubishi wake wote ulikuwa umemhama. Ni jambo zito kumpa mkubwa masharti. "Basi... aliyenyamaza njo anaitika. Kesho. Mbele ya wote."

"Toba!" Amisa akasema, amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yakitikisika. "Iliasi, nitakuchapa." Lakini hakumchapa.

Bonde zima lilijua kabla giza halijaingia. Asubuhi kulikuwa na watu tutani ambao hawana hata shamba upande huo. Walisema wamekuja kuangalia maji. Yule mzee wa kamasi alileta kiti chake. Mama Divine alipita katikati yao, hakumsalimia mtu, akapanda dungu. Divine akapanda nyuma yake. Sonia akabaki chini bila kuambiwa.

Kundi likainuka juu ya bonde. Pokea, naam. Pokea, naam. Likaja, likaja. Iliasi akageuka, akasita, na sauti yake ikatoka nyembamba kidogo:

"Pokeaaa... tafazali!"

Watu wakacheka. Mama Divine akainua macho. Akaona ndege wanashuka, matumbo yao meupe, akahisi mkono mdogo umemshika kwa nyuma kwenye kiuno, kwenye fundo la kitenge, ukivuta.

"NAAM!"

Alivyoitika, wanasema sauti ilisikika hata kwenye barabara ya pikipiki. Divine akapiga mkebe, kidonge cha udongo kikaruka, ndege wakapanda hewani kama majivu, na mama na mtoto wakageuka pamoja upande wa chini: "Pokeaaa!" Chini wakaitika. Shamba limerudi mstarini.

Sonia aliondoka siku iliyofuata, kwenda Kasongo kuchora upya: kamba ndefu yenye mikebe itakayopita mashamba mengi, ili watoto wachache wavute na wengine waende darasani kwa zamu. Itafaa? Watoto walisema labda, ila ndege watazoea. Divine alimsindikiza hadi pikipiki ilipopotea, akalia, na Mama Divine akasimama kando akimwangalia akilia, na ile pilipili ikamrudia yote. Ningeondoka mimi, angelia hivyo?

Alasiri wakawa dunguni wawili tu. Ndege walikuwa wamepumzika mtoni. Mama Divine akakohoa.

"Divine. Na miye uniambie kitu."

"Kitu gani?"

"Kile unaambiaga Yaya Sonia."

Mtoto akafikiri sana, akining'iniza miguu. "Mama, weye nikianza kukwambia, unanituma."

"Nakutuma?"

"Kila saa. Nikisema 'Mama, leo', unasema 'Leta maji'."

Mama Divine akafungua mdomo kukataa. Akaona chini, kwenye kivuli cha dungu, kibuyu cha maji ya kunywa kimekauka, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wake, Divine, shuka uchukue. Akalimeza. Lilishuka kwa shida kama mfupa wa samaki.

"Leo sikutumi. Sema."

"Hata kama ni habari ya Yaya Sonia?"

Ah. Kati ya habari zote za dunia. Mama Divine akashika ukingo wa dungu kwa mikono miwili.

"Hata kama."

Basi Divine akasogea, akaanza: jinsi Yaya Sonia anavyoogopa jongoo, jinsi siku moja jongoo alipanda ndani ya suruali yake hapa hapa juu ya dungu, na akacheza, Mama, akacheza sawa mutu wa ndombolo, na Iliasi akafikiri ni namna mpya ya Bukavu ya kufukuza ndege, naye akacheza, na wote mpaka mtoni wakacheza... Na hapo kile kicheko chenye mikwaruzo kikatoka, karibu kabisa na sikio lake.

Kilimchoma bado. Kilikuwa cha mtu mwingine, kimeletwa na mtu mwingine.

"Ehe," akasema, bado ameshika ukingo. "Kisha?"